Uaminifu wa Kalipa za Kidijitali za Bei Nafuu katika Karakana za Mpakani: Mfano wa Masafu, Busia na Tororo

Ikisiri

Kalipa ya kidijitali ya bei nafuu humpa fundi wa karakana ndogo namba yenye nafasi mbili za desimali papo hapo. Makala hii inaeleza ni kwa kiasi gani namba hiyo inaweza kuaminiwa, na kwa nini. Inaeleza muundo wa ndani wa chombo, kisha inapitia vyanzo vikuu vya makosa: betri, unyevu, chembe za chuma, umeme wa kuchomelea, mlegeo wa kitelezi, umbo la mataya na joto. Mfano unaotumiwa ni kazi ya shafti na beringi, kazi ya kawaida katika eneo la Masafu, Busia na Tororo kwenye mpaka wa Uganda na Kenya. Hoja kuu ni kwamba kalipa ya aina hii ni chombo kizuri cha kulinganisha lakini ni shahidi dhaifu wa ukubwa halisi. Kwa hiyo namba yake haifai kutumwa kwa fundi mwingine bila kigezo ambacho wote wawili wanacho. Makala inapendekeza beringi mpya itumike kuwa kigezo hicho.

Istilahi muhimu: kalipa, usahihi, uthabiti, ugezi, beringi

1.0 Utangulizi

Masafu ni mji mdogo katika Wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda. Si mbali nao uko mji wa Busia ambao umegawanywa na mpaka, sehemu moja ikiwa Uganda na nyingine Kenya. Kaskazini yake iko Tororo, na jirani na Tororo kiko kituo cha mpakani cha Malaba. Eneo hili ndilo linalotajwa kuwa chimbuko la neno bodaboda, tangu enzi ambapo waendesha baiskeli walikuwa wakivusha abiria kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Baiskeli hizo zimefuatwa na pikipiki. Pamoja na pikipiki kuna mashine za kusaga mahindi na muhogo, pampu za maji, na katika sehemu kama Tiira, mashine za kusaga mawe yenye dhahabu.

Vyombo hivi vyote vina jambo moja la pamoja: vinazunguka juu ya beringi. Beringi inapokufa, mara nyingi huiharibu shafti iliyoibeba. Shafti hiyo hujazwa chuma kwa kuchomelewa na kukerezwa upya, au hutengenezwa nyingine. Kazi ya namna hiyo inahitaji kipimo, na kipimo kinachopatikana kwa urahisi zaidi katika karakana ya nyumbani ni kalipa ya kidijitali ya bei nafuu.

Mizani ya muuza nafaka sokoni inasimamiwa na sheria ya vipimo. Nchini Uganda hukaguliwa chini ya Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, na nchini Kenya kuna idara ya serikali ya mizani na vipimo. Kalipa iliyo mfukoni mwa fundi haimo katika utaratibu huo wa biashara. Hakuna mkaguzi anayeibandika alama. Swali la iwapo inasema kweli linabaki kwa fundi mwenyewe, na gharama ya jibu baya huangukia yeye na mteja wake.

2.0 Dhana tatu zinazochanganywa

Katika mazungumzo ya kawaida neno moja, usahihi, hubebeshwa dhana tatu. Ni muhimu zitenganishwe.

Dhana ya kwanza ni hatua ya kioo, yaani tofauti ndogo kabisa ambayo kioo cha kalipa kinaweza kuionyesha. Katika kalipa nyingi za chuma hatua hiyo ni milimita 0.01. Dhana ya pili ni uthabiti, yaani kiasi ambacho chombo hurudia jibu lilelile kitu kilekile kinapopimwa mara nyingi. Dhana ya tatu ni usahihi wenyewe, yaani ukaribu wa jibu na ukubwa halisi wa kitu.

Chombo kinaweza kuwa na hatua ndogo na uthabiti mzuri, lakini kikakosa usahihi. Kalipa inayosoma 25.04 mara kumi mfululizo kwenye shafti ya milimita 25.00 ni thabiti, ila inakosea. Kwa upande mwingine, karatasi ya maelezo inayofungwa pamoja na kalipa nyingi za milimita 150 hutaja hatua ya milimita 0.01 lakini hukiri kosa la hadi milimita 0.02 kwa vipimo visivyozidi milimita 100, na 0.03 zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, mtengenezaji mwenyewe hadai kwamba tarakimu ya mwisho ni ya kweli. Zile za plastiki ni hafifu zaidi, kwani nyingi zina hatua ya milimita 0.1 tu.

Kalipa ya vernia haikuwa na mtego huu kwa kiwango hicho. Kipimo alichokieleza Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631 kinamlazimu msomaji kutafuta mstari unaolingana na mwingine, na jicho linapositasita kati ya mistari miwili, fundi hujua kwamba ana shaka. Kioo cha kidijitali hakionyeshi shaka. Tarakimu zake huwa wazi vilevile, ziwe za kweli au za makosa.

3.0 Jinsi kalipa inavyohesabu

Chini ya kibandiko chenye mistari ya milimita, juu ya uti wa kalipa, kuna bamba jembamba la saketi lenye vipande vya shaba vilivyopangwa kwa mfululizo unaojirudia. Ndani ya kitelezi kuna bamba jingine lenye vipande vyake. Mabamba haya mawili hayagusani. Kitelezi hutuma ishara za umeme zinazovuka mwanya uliopo, na nguvu ya ishara zinazorudi hutegemea jinsi vipande vya juu vilivyokaa juu ya vipande vya chini. Kutokana na ishara hizo, kifaa cha ndani hukokotoa mahali kitelezi kilipo.

Mambo mawili yanatokana na muundo huu. La kwanza ni kwamba katika aina nyingi mfululizo wa vipande hujirudia kila milimita 5.08. Ndani ya mzunguko mmoja kalipa hupima. Kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine huhesabu tu. Ikipoteza hesabu hata mara moja, kwa sababu betri imeyumba au kitelezi kimesukumwa kwa kasi kupita kiasi, kila kipimo kinachofuata kitakuwa na kosa lilelile mpaka sifuri iwekwe upya. Kalipa za bei ghali, kama zile za kampuni ya Mitutoyo ya Japani zinazotumia mfumo wa nafasi kamili, hutambua mahali kitelezi kilipo bila kutegemea hesabu iliyotangulia.

La pili ni kwamba kosa dogo ndani ya mzunguko hujirudia pia. Kalipa inaweza kusema kweli kwenye sifuri na ikakosea milimita mbili mbele. Kuikagua kwa kufunga mataya na kuona 0.00 ni jambo la lazima, lakini halitoshi.

4.0 Vyanzo vya makosa katika mazingira ya karakana

*4.1 Betri*

Kwa kuwa kalipa ya bei nafuu inapaswa kukumbuka hesabu, kitufe cha kuzima huzima kioo tu. Saketi ya ndani huendelea kula umeme. Mkondo wa mikroampea 20, ambao unaonekana kuwa si kitu, ukitiririka kwa saa 8,760 za mwaka mmoja hufikia miliampea-saa 175. Betri ya kifungo ya LR44 hubeba kiasi cha miliampea-saa 120 hadi 150. Hivyo kalipa inaweza kumaliza betri ikiwa droo mwaka mzima bila kupima chochote.

Aina ya betri pia ina maana. LR44 ni ya alkali, na volti zake hushuka polepole kadiri inavyotumika. SR44, iliyo na umbo hilohilo, hutumia oksaidi ya fedha na hushikilia volti karibu zilezile mpaka inapokaribia mwisho. Kioo kinapoanza kumetameta, hilo ni onyo la betri dhaifu, na kipimo kilichochukuliwa wakati huo kisitumike. Fundi asiyetumia kalipa kwa siku nyingi hufanya vyema kuitoa betri.

*4.2 Unyevu, chembe na umeme*

Ishara zinazovuka mwanya kati ya mabamba huvurugwa na kitu chochote kinachopitisha umeme. Jasho la mkono, maji ya mvua na maji ya kupoozea chuma vinaweza kufanya tarakimu ziruke ovyo. Mafuta safi hayana madhara makubwa, lakini mafuta yaliyochanganyika na chembe za chuma ni hatari, kwa sababu hubeba chembe hizo hadi chini ya kitelezi. Katika karakana ambamo tupa, msasa na mashine ya kusagia hufanya kazi juu ya meza moja, kalipa inapaswa kuwa na mahali pake, pafunikwe, mbali na meza hiyo.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu kuchomelea. Uti wa kalipa umeunganishwa na saketi ya ndani, na maelezo ya watengenezaji huonya kwamba umeme usipitishwe kwenye sehemu yoyote ya chombo, wala jina lisichorwe juu yake kwa kalamu ya umeme. Fundi anayepima kipande ambacho bado kimebanwa kwenye waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea anaihatarisha kalipa yake. Kipande hicho kinapaswa kutenganishwa kwanza na mashine, kisha kiachwe kipoe.

*4.3 Mataya na kitelezi*

Mwaka 1890 mwanafizikia Ernst Abbe alieleza kanuni inayosema kwamba kipimo bora ni kile ambacho kitu kinachopimwa kiko kwenye mstari mmoja na skeli. Kalipa inaivunja kanuni hiyo kwa umbo lake: skeli iko kwenye uti, na kitu kiko chini kati ya mataya. Kitelezi chenye urefu wa milimita 60 kikiwa na mlegeo wa milimita 0.02, ncha ya taya iliyo umbali wa milimita 40 kutoka kwenye uti hukosea kwa takribani milimita 0.013, na kubana kwa nguvu huongeza kosa hilo. Dawa yake ni kupima karibu na uti, kwa mkono mwepesi. Juu ya kitelezi kuna skrubu ndogo mbili zinazobana bamba la ndani. Zikikazwa mpaka kitelezi kianze kugoma, kisha zikalegezwa kidogo sana, mlegeo mwingi huondoka.

Mataya ya juu, yanayopima matundu, yana kosa la aina yake. Ncha zake si kali kabisa. Zina ubapa mdogo, na ubapa hauwezi kufika kwenye upinde wa tundu. Ikiwa upana wa ubapa ni milimita 0.5, tundu la milimita 5 litasomeka 4.975, ilhali tundu la milimita 20 litasomeka 19.994. Kosa hili halitokani na ubovu wa saketi bali na jiometri, na siku zote hufanya tundu dogo lionekane dogo zaidi.

*4.4 Joto*

Vipimo vya urefu duniani hurejelewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Chini ya paa la bati mchana wa jua, karakana ya Masafu huwa na joto zaidi ya hapo. Hata hivyo, kalipa ya chuma na shafti ya chuma zilizokaa pamoja kivulini hupanuka kwa kiasi kinachokaribiana, na athari hupungua. Tatizo huja pale ambapo kipande kimetoka tu kwenye mashine. Shafti ya milimita 50 iliyo na joto la nyuzi 60 zaidi ya kalipa huwa imepanuka kwa takribani milimita 0.035. Fundi akiikereza mpaka isome kipimo kamili ikiwa moto, itakapopoa itakuwa nyembamba, na beringi italegea.

5.0 Beringi kama kigezo cha ukaguzi

Maabara za vipimo hukagua kalipa kwa vipande vya chuma vya urefu unaojulikana, vya aina aliyoibuni Msweden Carl Edvard Johansson mwaka 1896. Shughuli ya kulinganisha chombo na kigezo kinachojulikana huitwa ugezi, neno linalotumiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Vipande hivyo si vya bei ya karakana ya nyumbani. Lakini fundi wa mpakani ana kitu kinachokaribia kazi hiyo, nacho ni beringi mpya.

Beringi ya daraja la kawaida hutengenezwa kwa ukali mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa kipenyo cha nje cha zaidi ya milimita 18 hadi 30, kiwango cha kimataifa huruhusu kipungue kwa milimita 0.009 tu, na kwa zaidi ya 30 hadi 50, milimita 0.011. Hakiruhusiwi kuzidi. Upana wa beringi hauna ukali huo, kwani unaweza kupungua kwa milimita 0.12, kwa hiyo upana usitumiwe kuwa kigezo.

Beringi nne ndogo zinatosha kwa ukaguzi wa maana: 6000 yenye kipenyo cha nje cha milimita 26, 6001 yenye 28, 6200 yenye 30, na 6201 yenye 32. Zikigawanywa kwa mzunguko wa milimita 5.08, vipenyo hivi huangukia sehemu nne tofauti ndani ya mzunguko: takribani 0.6, 2.6, 4.6 na 1.5. Kosa linalojificha ndani ya mzunguko litaonekana katika mojawapo. Ukaguzi ufanywe kwa hatua hizi: mataya yafutwe kwa kitambaa safi; yafungwe na kutazamwa dhidi ya mwanga ili kuona kama kuna mwanya; sifuri iwekwe; kila beringi ipimwe mara tano, ikizungushwa kila mara; kisha mataya yafungwe tena. Kalipa isiporudi 0.00, au ikarudi na tofauti ya zaidi ya hatua moja, vipimo vyote vya mfululizo huo vitupwe.

Tahadhari moja inahitajika. Beringi bandia zinauzwa katika masoko ya Afrika Mashariki, na beringi bandia ni kigezo bandia. Kwa hiyo zinunuliwe beringi kutoka vyanzo viwili, zilinganishwe, na zile zinazokubaliana zihifadhiwe ndani ya mafuta na karatasi, zisifungwe kwenye mashine yoyote. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya shafti moja iliyoharibika.

6.0 Namba inayovuka mpaka

Mfano wa kazi moja unaonyesha uzito wa suala hili. Fundi wa Masafu ana mashine ya kusaga inayotumia beringi ya 6205, yenye tundu la milimita 25. Hana mashine ya kukereza, kwa hiyo anampigia simu mkerezaji aliye Busia, upande wa Kenya, na kumwambia atengeneze shafti ya 25.01. Kwa shafti inayozunguka ikiwa imebana ndani ya beringi, viwango vya kimataifa huweka daraja linaloitwa k6, ambalo kwa kipenyo hicho huruhusu kuanzia 25.002 hadi 25.015. Upana wa mlango huo ni milimita 0.013. Upana wa shaka ya kalipa ya bei nafuu, kwa maelezo ya mtengenezaji wake, ni 0.02 kila upande, yaani 0.04 kwa jumla, mara tatu ya mlango wenyewe.

Mkerezaji naye ana kalipa yake, yenye shaka yake. Kalipa mbili zinaweza kutofautiana kwa milimita 0.04 huku kila moja ikitimiza ahadi ya karatasi yake. Shafti ikirudi ikiwa 24.98, beringi itazunguka juu yake, itailа, na mashine itasimama tena baada ya muda mfupi. Ikirudi ikiwa 25.03, beringi itaingizwa kwa nyundo, nafasi ndogo iliyo kati ya gololi na njia zake itaisha, na joto litaiua. Katika hali zote mbili kila fundi ataapa kwamba alipima 25.01, na kila mmoja atakuwa anasema kweli kuhusu kile alichokiona kwenye kioo.

Njia iliyo salama zaidi ni kutuma kigezo badala ya namba. Fundi wa Masafu anaweza kumpelekea mkerezaji beringi yenyewe na kumwagiza atengeneze shafti itakayoingia kwa kubana. Iwapo namba ni lazima, basi wote wawili waweke kalipa zao juu ya kipenyo cha nje cha beringi ya 6000, wabonyeze sifuri, kisha wapime shafti. Usomaji wa −0.99 una maana kwamba shafti iko milimita 0.99 chini ya beringi hiyo. Makosa ya sifuri na sehemu kubwa ya kosa la skeli hufutana, kwa sababu safari ya kitelezi imekuwa ya milimita moja badala ya 25. Kinachobaki ni uthabiti wa chombo, ambao kwa kawaida ni bora kuliko usahihi wake. Hata hivyo uamuzi wa mwisho wa mbano wa beringi ni kazi ya maikromita, tena ya milimita 25 hadi 50, maana ile ya 0 hadi 25 huishia pale ambapo mlango wa k6 unaanzia.

Makubaliano ya namna hii yanahitaji pia maneno ya pamoja. Majumbani eneo hili huzungumza Lusamia, Ateso na Dhopadhola, miongoni mwa lugha nyingine, lakini mafundi wa pande mbili za mpaka wanapokutana, Kiswahili huwa daraja. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Barabara na lugha vimefunguliwa. Istilahi za kupimia zinahitaji kufuata. Fundi anayeweza kusema "kalipa yangu ni thabiti lakini si sahihi, inazidisha kwa mia tatu za milimita" amempa mwenzake taarifa ambayo neno "sawa" haliwezi kuibeba.

7.0 Hitimisho

Kalipa ya kidijitali ya bei nafuu inastahili nafasi yake katika karakana ya nyumbani. Kwa kuchagua bolti, kupima unene wa bamba, kukata bomba au kujua beringi ni ya namba gani, inatosha na kuzidi. Kwa mbano wa beringi juu ya shafti, haitoshi ikiwa peke yake. Uaminifu wake hautoki kwenye kioo. Hutoka katika utaratibu wa anayeitumia: betri nzuri, mataya safi, mkono mwepesi, kipande kilichopoa, kurudi sifuri baada ya kila kazi, na kulinganisha na beringi iliyohifadhiwa.

Inapendekezwa kwamba vyuo vya ufundi vya pande zote mbili za mpaka viingize ukaguzi wa kalipa kwa beringi katika mafunzo ya mwanzo, na kwamba maelekezo yake yaandikwe kwa Kiswahili kwa kutumia istilahi zinazotenganisha hatua ya kioo, uthabiti na usahihi. Fundi aliyezielewa dhana hizo tatu ataagiza shafti kutoka upande wa pili wa mpaka akiwa na matumaini ya haki kwamba itakaporudi itaingia mahali pake.